Quetzalcoatl: mungu, mtu au nyoka?

SWALI: Nimeona video inayosema kwamba kale huko Meksiko palikuwa na mungu mweupe mwenye ndevu, Quetzalcoatl, aliyewafundisha watu kulima na kuwakataza kuchinja binadamu. Akafukuzwa, akaelekea mashariki akiahidi kurudi, na Wahispania walipotokea baharini mwaka 1519 watu wakadhani ndiye. Lakini picha zake karibu zote ni za nyoka! Sasa huyu alikuwa mungu, mtu au nyoka? Na je, yuko anayemwabudu hadi leo?

JIBU: Alikuwa vyote vitatu, ila si kwa wakati mmoja wala mahali pamoja. Jina hilo limebebwa na nyoka, upepo, nyota, makuhani na wafalme kadhaa, katika miji iliyopishana kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watengeneza video huwakusanya wote hao, wakawavika ndevu na ngozi nyeupe, wakapata mtu mmoja. Kwa hiyo ukisikia habari zake, uliza kwanza: huyu ni Quetzalcoatl wa mji gani, na aliyeandika habari hizi aliziandika lini? Maswali hayo mawili yanamaliza nusu ya ubishi.

Mkongwe kuliko wote ni nyoka. Huko La Venta, mji wa Waolmeki karibu na Ghuba ya Meksiko, kulipatikana jiwe lililochongwa mtu ameketi, na nyuma yake nyoka mkubwa mwenye kishungi kama cha ndege amemkunja. Mji huo ulihamwa yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka 1,700 kabla Waazteki hawajajenga Tenochtitlan, mji wao mkuu. Jina tulilolizoea ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki na majirani zao, na linamtaja nyoka aliyevikwa manyoya ya quetzal, ndege wa misitu ya milimani ya Guatemala na Chiapas, ambaye dume lake huburuta manyoya marefu ya kijani.

Kisha twende Teotihuacan, kilomita kama 50 kaskazini-mashariki ya Jiji la Meksiko la leo. Yapata mwaka 200 baada ya Kristo wakuu wa mji huo walijenga hekalu ambalo kuta zake zimejaa vichwa vya nyoka vya mawe, kila kimoja kimechomoza nje, shingoni kimezungukwa na manyoya kama ua lililochanua. Wanaakiolojia walipochimba chini yake katika miaka ya 1980 walikuta mifupa ya watu waliozikwa kwa makundi, wengi mikono yao imefungwa nyuma, baadhi wamevaa mikufu ya mataya. Inakadiriwa walizidi 200, na waliuawa jengo lilipokuwa linajengwa. Hapo ndipo habari ya “mungu aliyekataza kafara” inapoanza kupwaya. Nyoka wa Teotihuacan alikuwa nyoka wa utawala na jeshi.

Msomaji aliyelelewa na hadithi ya Edeni hupata shida hapa, kwa kuwa kwake nyoka ni mlaghai. Kwa watu wa eneo hili nyoka alikuwa njia. Katika British Museum, London, lipo jiwe la mlangoni kutoka mji wa Wamaya wa Yaxchilan, linaloonyesha mwanamke wa ukoo wa kifalme aitwaye Bibi Xook akitazama juu baada ya kujitoa damu. Mbele yake anainuka nyoka, na kinywani mwa nyoka anatoka mtu mwenye silaha. Aliyekufa au aliye mbinguni anawafikia walio hai kwa kupitia koo la nyoka. Ukishaliona hilo, hushangai tena kwa nini mnyama huyu aliwekwa kwenye mahekalu.

Sasa huyo mtu. Anaitwa Ce Acatl Topiltzin Quetzalcoatl, kuhani aliye pia mfalme wa Tollan. Wengi huutambua mji huo kuwa ni Tula, katika jimbo la Hidalgo, mji wa Watolteki uliostawi kati ya mwaka 900 na 1150 hivi. Ce Acatl ni “Tete Moja”, jina la mwaka katika kalenda yao. Simulizi tamu kuliko zote juu yake iliandikwa kwa Kinahuatl katika karne ya 16 na watu wa Cuauhtitlan, na inastahili kusimuliwa taratibu.

Topiltzin alikuwa mtu wa kufunga na kukesha. Alijichoma kwa miiba akatoa damu yake mwenyewe, na madhabahuni alichinja nyoka, ndege na vipepeo tu. Wachawi waliotaka damu ya watu wakakasirika. Kiongozi wao, Tezcatlipoca, akamwendea na kioo kidogo kilichofungwa ndani ya kitambaa, akamwambia, njoo nikuonyeshe mwili wako. Mfalme akajitazama, akaona uso uliokunjamana na kuvimba, macho yamezama. Akaogopa: raia wangu wakiniona hivi, si watanikimbia? Basi fundi wa manyoya akamtengenezea kinyago na mavazi, akajiona mzuri tena. Hapo wachawi wakaleta pombe. Akakataa. Wakamwomba aonje kwa ncha ya kidole tu. Akaonja, akapenda, akanywa vikombe vitano, akaagiza dada yake aitwe, naye akanywa. Asubuhi hakuna aliyeamka kuoga wala kusali. Simulizi halisemi zaidi ya hapo juu ya usiku ule, na halikuhitaji kusema.

Pombe yenyewe ni pulque, inayogemwa kutoka mmea wa jamii ya mkonge. 

Kwa aibu, mfalme akaacha mji, akaelekea mashariki hadi ufukweni. Akavaa mapambo yake yote, akajichoma moto mwenyewe. Ndege wa manyoya ya thamani wakaonekana wakipaa kutoka kwenye majivu, moyo wake ukapanda mbinguni, na baada ya siku nane akatokea kama nyota ya asubuhi. Zingatia siku hizo nane. Zuhura inapomaliza muda wake kama nyota ya jioni hupotea karibu na jua kwa siku zipatazo nane, kisha hurudi alfajiri. Wamaya walizipigia hesabu siku hizohizo katika kitabu chao cha majedwali kilichoko Dresden, Ujerumani. Walijua pia kwamba mizunguko mitano ya Zuhura, ya siku 584 kila mmoja, inalingana na miaka minane ya siku 365. Kwa hiyo “kurudi” kwake katika simulizi hili ni kurudi kwa nyota. Mtu aliyekwisha kuwa majivu hasubiriwi kwa merikebu.

Lipo toleo jingine, lililokusanywa na mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún na wasomi wa Kinahua aliofanya nao kazi, ambamo hajichomi. Anapanda chombo kilichosukwa kwa nyoka, anakwenda zake baharini. Toleo hilo ndilo lililopata wapenzi wengi Ulaya, na si ajabu.

Je, alifundisha kilimo? Hapa tunamrudia mungu, na ninakiri ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Andiko la Kinahuatl la mwaka 1558 linasema ulimwengu ulikuwa umeharibika mara nne, na kwa mara ya tano miungu wakauliza: nani atakaa duniani? Quetzalcoatl akashuka kuzimu kwa Mictlantecuhtli kuomba mifupa ya watu wa kale. Bwana wa kuzimu akampa masharti: zunguka nchi yangu mara nne ukipuliza baragumu hili. Baragumu lilikuwa kombe la konokono wa baharini lisilo na tundu. Akawaita wadudu wakatoboa, nyuki wakaingia ndani wakavuma, sauti ikasikika. Akachukua mifupa, lakini wakati wa kutoka kware walimshtua, akaanguka shimoni, mifupa ikatawanyika na kware wakaidonoa.  Mungu mke Cihuacoatl akaisaga kama unga, Quetzalcoatl akaidondoshea damu yake, na watu wakapatikana.

Watu wamepatikana, watakula nini? Quetzalcoatl akamwona sisimizi mwekundu amebeba punje ya mahindi. Akamhoji umeitoa wapi. Sisimizi akagoma kusema, akaulizwa tena na tena, hatimaye akamwonyesha mlima. Quetzalcoatl akajigeuza sisimizi mweusi, akaingia naye, akatoka na punje, miungu wakazitafuna na kuzitia kinywani mwa binadamu. Angalia kwamba hajamfundisha mtu kulima. Ameiba, amebeba, amekabidhi. Na mahindi hayo kweli yalianzia kusini mwa Meksiko, ambako wakulima waliyatoa kwenye nyasi ya porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Mla ugali wa Iringa au Eldoret ana haki ya kumpa salamu sisimizi yule.

Alikuwa pia upepo, kwa jina la Ehecatl, mwenye kinyago chenye mdomo uliochongoka kama wa bata, kazi yake kufagia njia ili mvua ije. Mahekalu yake yalijengwa mviringo, upepo usikwame kwenye kona. Moja lilifukuliwa katika miaka ya 1960 wakati wa kuchimba njia ya treni ya chini ya ardhi katika Jiji la Meksiko. Abiria wa kituo cha Pino Suárez hupita kando yake kila siku wakiwahi kazini.

Jambo ambalo video hazisemi ni kwamba Quetzalcoatl kilikuwa pia cheo. Makuhani wakuu wawili wa Tenochtitlan, wote kwa wakati mmoja, waliitwa Quetzalcoatl. Kwa Wamaya ni hivyo hivyo. Katika Popol Vuh, kitabu cha Wak'iche' wa Guatemala ambacho padri Francisco Ximénez alikinakili mwanzoni mwa karne ya 18, Q'uq'umatz, ndilo jina la Quetzalcoatl kwa lugha yao, anatokea ukurasa wa kwanza kabisa kama muumba, amejifunika manyoya ya kijani ndani ya maji yaliyotulia, kabla ya kuwapo kitu kingine. Kurasa nyingi baadaye anatokea mfalme mwenye jina lilelile, naye ana miujiza yake: siku saba anapanda mbinguni, siku saba anashuka kuzimu, siku saba ni nyoka, siku saba ni tai, siku saba ni chui. Anayesoma harakaharaka atadhani ni yuleyule.

Kitabu hichohicho kinasimulia wana wa waasisi wa Wak'iche' walivyosafiri kwenda mashariki kwa bwana mmoja aitwaye Nacxit, jina jingine la Quetzalcoatl, wakarudi na alama za enzi. Bila safari hiyo hawangekuwa watawala halali. Huko Yucatán, askofu Diego de Landa aliandika yapata 1566 kwamba wenyeji walimtaja Kukulcan, yaani Quetzalcoatl kwa lugha yao, bwana aliyetoka magharibi, asiye na mke wala watoto, aliyeanzisha mji wa Mayapan kisha akarudi Meksiko. Landa mwenyewe anasema watu hawakukubaliana kama alifika kabla ya ukoo wa Itza, baada yao au pamoja nao. Kwa anayesimulia haijalishi. La muhimu ni kwamba alifika, na kwamba ukoo fulani una uhusiano naye.

Msomaji wa pwani yetu amewahi kusikia kitu cha aina hii. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji huo, inamtaja Ali bin al-Hassan aliyetoka Shiraz na kukinunua kisiwa kwa nguo. Hata kama damu ya Kiajemi ipo kweli pwani, simulizi lile lina kazi yake ya ziada, nayo ni kumpa mtawala asili ya mbali inayomtenga na jirani yake. Tollan ilifanya kazi hiyo kwa wafalme wa Meksiko na Guatemala. Kila nyumba ya enzi ilijidai ina mzizi huko, na Quetzalcoatl ndiye aliyeshika mhuri.

Tuje kwa Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania hao wa 1519. Alishuka pwani mwezi Aprili 1519, na tarehe 8 Novemba akakutana na Moctezuma, mfalme wa Waazteki. Barua yake kwa mfalme Charles V, ya tarehe 30 Oktoba 1520, inadai Moctezuma alimwambia kwamba mababu zao waliletwa na bwana mmoja aliyeondoka, na kwamba wazao wake walitarajiwa kuja kuitawala nchi. Isome uone: jina la Quetzalcoatl halimo. Tena katika barua hiyohiyo Moctezuma anafunua nguo na kusema, nitazame, mimi ni nyama na mifupa kama wewe. Mtu hasemi hivyo mbele ya anayemdhani mungu. Kumbuka pia Cortés alikuwa amemwasi gavana wake wa Kuba, Diego Velázquez, na alihitaji kuonyesha kwamba nchi ile imekabidhiwa kwa hiari. Maneno yale yalimpa alichokitaka, baada ya kupita kwa wakalimani, mmoja wao akiwa yule mwanamke mwerevu Malintzin.

Jina la Quetzalcoatl linaingia baadaye: kwanza kwa watawa karibu 1540, kisha kwa kirefu katika kazi kubwa ya Sahagún iliyokamilika miaka ya 1570. Waliosimulia humo ni wazee wa Tlatelolco, mji pacha wa Tenochtitlan, na vijana waliosomeshwa na watawa, watu walioshindwa wakitafuta sababu ya kushindwa, na Moctezuma aliyekwisha kufa alifaa kubebeshwa lawama. Hata hapo simulizi lina nyufa: linasema Moctezuma alimpelekea Cortés mavazi ya miungu kadhaa, ya Quetzalcoatl na ya adui yake Tezcatlipoca pamoja. Mtu mwenye hakika na mgeni wake hampi nguo za kuchagua.

Ila ushahidi mzito kwangu ni Cholula. Huo ndio uliokuwa mji wa Quetzalcoatl, watu wakihiji huko kutoka mbali, wafanyabiashara wakimtukuza kuliko mungu mwingine yeyote. Kama kuna mahali Cortés angepokewa kama mwenye mji aliyerejea, ni hapo. Oktoba 1519 watu wake waliwafungia wakuu wa Cholula uwanjani na kuwaua. Cortés mwenyewe aliandika kuwa katika saa mbili walikufa zaidi ya watu 3,000. Tenochtitlan ilianguka Agosti 13, 1521, kwa sababu za kawaida kabisa: ndui iliyoingia 1520, na maelfu kwa maelfu ya askari wa Tlaxcala na miji mingine iliyochoka kulipa kodi kwa Waazteki. Kinachowapa wapenda hadithi nguvu ni kwamba mwaka 1519 kweli ulikuwa Tete Moja katika kalenda. Mwaka wa jina hilo hurudi kila baada ya miaka 52.

Na ngozi nyeupe? Ndevu zipo, wachoraji wa Kinahua waliwapa ndevu wazee na baadhi ya miungu, na zilikuwa ishara ya umri. Weupe ni nyongeza ya waandishi wa Kihispania. Maelezo ya mavazi yake katika kazi ya Sahagún yanasema amepakwa masizi, na vitabu vya picha vya kabla ya Wahispania mara nyingi vinamwonyesha mwili mweusi. Nawaona wengine wameshaanza kutabasamu: basi alikuwa Mwafrika! Hapana. Makuhani walijipaka masizi, na yeye ni kuhani wa makuhani. Wapo wanaodai alikuwa msafiri kutoka Mali, kama ambavyo padri Servando Teresa de Mier alihubiri mwaka 1794 kwamba Mtume Tomaso alihubiri Injili Meksiko zamani hizo, dai ambalo wenzake walilifunga moja kwa moja na Quetzalcoatl. Mier alifukuzwa nchini kwa hotuba ile. Mwaka 1882 kiongozi wa Wamormoni John Taylor aliandika kwamba Quetzalcoatl ni Kristo. Madai yote hayo yana sura moja, ile aliyokuja nayo Karl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu 1871 akaona ni kazi ya Malkia wa Sheba: wenyeji hawawezi, lazima alitoka mtu nje. Kumpa Quetzalcoatl baba Mwafrika ni kuwafanyia Wameksiko tulichofanyiwa sisi.

Kuhusu kuabudiwa: ibada ya mahekaluni ilikoma na ukoloni. Landa anasema kwamba baada ya Mayapan kuanguka mji wa Mani ndio uliobaki ukimfanyia Kukulcan sikukuu kila mwaka, wakipandisha bendera za manyoya hekaluni, na anaitaja kama jambo la siku za karibu. Leo kila Machi, siku usiku na mchana vinapolingana, umati hujaa Chichen Itza kuona kivuli kikiteremka ngazi ya kaskazini ya piramidi hadi kwenye kichwa cha nyoka cha jiwe. Kama wajenzi walikusudia au la, wataalamu bado wanabishana, na wengi wa wanaofika ni watalii. Kisha kuna kisa cha Desemba 1930. Serikali ya rais Pascual Ortiz Rubio ilichoshwa na Baba Krismasi wa kigeni, ikaamua kwamba zawadi za watoto wa Meksiko zitaletwa na Quetzalcoatl. Tarehe 23 ya mwezi huo, katika Uwanja wa Taifa, mbele ya hekalu la kuigiza, mtu aliyevalia manyoya aligawa zawadi kwa maelfu ya watoto. Magazeti yalicheka, makanisa yalinuna, na mwaka uliofuata hakualikwa tena.